Makubadhi ya Farasi: Historia ya Kiatu Kisicho na Msumari

Jumapili moja ya Novemba, mvua za vuli zikiwa zimekolea, nilijikuta nimepiga magoti kando ya njia chini ya vilima vya Ngong, mkono wangu wa kulia umezama topeni hadi kwenye kiwiko. Nilikuwa natafuta kiatu. Hakikuwa changu. Kilikuwa cha Shaba, farasi jike wa mjomba wangu, ambaye alisimama pembeni akinitazama, mguu mmoja wa mbele umevaa buti jeusi la plastiki na wa pili uko peku. Mjomba alikuwa ameshika kamba, hasemi kitu. Watoto wa jirani walijipanga ukingoni wakicheka hadi machozi. Farasi amepoteza kiatu kama mtoto wa chekechea!

Kiatu nilikipata. Jioni, nikikiosha kwenye ndoo, nikakumbuka kwamba kisa hiki nilishawahi kukisoma. Catullus, mshairi wa Kirumi wa karne ya kwanza KK, ana shairi la kejeli (la 17 katika mkusanyo wake) kuhusu mume mzembe anayestahili kutupwa kutoka darajani aangukie kwenye kinamasi. Ili tuuone uzito wa mtu huyo, Catullus anatupa mfano wa nyumbu (namaanisha yule mtoto wa punda na farasi, si wale wa Maasai Mara) ambaye kiatu chake cha chuma kimebaki kwenye tope. Wasomaji wake walicheka bila kuhitaji maelezo. Maana yake ni kwamba jambo lenyewe walilijua: walishawahi kuona mtu kapiga magoti, mkono topeni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikitafuta kiatu hicho vitabuni. Ninachotaka kukusimulia, ndugu msomaji, ni historia yake, na pia kosa langu, kwa sababu bila lile kosa nisingeisoma historia hiyo hata kidogo.

Tuanze na Shaba. Mjomba wangu alikuwa saisi. Kwa wasioijua lugha ya mazizi ya Nairobi, saisi ndiye mtunza farasi: anayemlisha, anayempiga brashi, anayemtembeza alfajiri, na anayejua kabla ya daktari kwamba leo huyu hayuko sawa. Kazi hiyo ameifanya zaidi ya miaka 30. Alipostaafu akaondoka na Shaba, farasi wa mashindano aliyekwisha kuzeeka kwa mbio lakini bado mpole na mwenye nguvu. Jumapili humpeleka kwenye uwanja wa burudani, watoto wakapanda na kuzungushwa, wazazi wakalipa. Hiyo ndiyo pensheni yake. Ndiyo karo ya mtoto wake wa mwisho.

Shida ilikuwa kwato. Shaba alipigiliwa viatu vya chuma tangu ujana wake, na ukuta wa ukwato ulikuwa na matundu mengi ya misumari ya zamani, kama ukuta wa nyumba ya kupanga uliotundikiwa picha na wapangaji kumi. Fundi wa kwato alikuja, akauinua mguu, akagonga kidogo, akautua. Akasema hakuna mahali pa kushika msumari. Avuliwe viatu, akatwe vizuri, asubiriwe. Sasa, ukwato hukua kama kucha: kwa mwezi haufiki hata sentimita moja, au unaifikia kwa shida. Kutoka kwenye mstari wa nywele hadi ncha ya mbele ni karibu mwaka mzima. Na kati ya nyumbani kwa Mjomba na uwanja wa watoto kuna karibu kilomita tano za changarawe kali. Shaba akiwa peku alipita pale kama mtu aliyevua viatu kwenye kokoto: anachagua, anasita, anainamisha kichwa.

Basi mimi, msomaji wa familia, nikaja na jibu. Nilikuwa nimesoma kwamba siku hizi kuna mabuti ya farasi. Humvalisha akitoka, humvua akirudi. Hakuna msumari. Nikamwambia Mjomba aniachie mimi. Nilienda mahali Shaba aliposimama baada ya mvua, nikapima alama ya ukwato kwenye ardhi laini kwa rula ya mwanangu, kutoka mbele kabisa hadi nyuma kabisa. Nikatazama jedwali la vipimo, nikaongeza saizi moja (si nafasi kidogo ni afadhali kuliko kubana?) nikaagiza. Hiyo ilikuwa Mei. Mwezi wa Juni mabuti yakafika, tukamvalisha, tukatoka.

Tuliporudi buti la kushoto lilikuwa limezunguka, upande wa mbele umegeuka ubavuni. Nilipolivua, nyuma ya kisigino, pale penye mnofu laini juu ya ukwato, ngozi ilikuwa imechubuka hadi damu. Mguu wa kulia ulikuwa na malengelenge. Jamani, niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi. Mjomba hakunigombeza. Alichemsha maji ya chumvi, akayapoza, akaosha. Shaba alikaa zizini Jumapili tano. Katika Jumapili ya tatu mkewe Mjomba aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nadhani farasi atapona kabla ya karo ya muhula wa tatu. Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma.

Niliyemkuta kwanza ni Mgiriki, Xenophon, mwanajeshi na mwandishi wa karne ya nne KK. Kitabu chake kuhusu upandaji farasi ni miongoni mwa vya kale zaidi vilivyotufikia vizima juu ya mada hiyo, na anapoeleza namna ya kumkagua farasi unayetaka kumnunua anaanzia chini, miguuni. Hoja yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kujenga: nyumba nzuri juu ya msingi mbovu ni hasara. Anataka ukwato mnene, na anaamini sikio linaweza kuupima, kwa jinsi unavyolia ukigonga ardhi. Wagiriki wa wakati wake hawakuwapigilia farasi viatu. Dawa yake ni sakafu. Zizi lenye unyevu huharibu hata kwato nzuri, anasema, kwa hiyo litengenezwe lisituamishe maji na litandazwe mawe. Nje, pale farasi anapopigwa brashi, pamwagwe mikokoteni minne au mitano ya mawe ya mviringo, kila moja la kujaza mkono, ili farasi akisimama hapo kila siku ni kama anatembea kwenye njia ya mawe. Mguu ujenge ugumu wake wenyewe.

Nikasema, haya, huyu ni mtetezi wa farasi peku. Lakini Xenophon aliandika pia kitabu kingine, kile cha safari ya askari mamluki elfu kumi wa Kigiriki waliokwama katikati ya milki ya Uajemi wakatafuta njia ya kurudi nyumbani. Katika majira ya baridi ya mwaka 401 kuingia 400 KK walikuwa kwenye nyanda za juu za Armenia, theluji imewafunika. Wakafika vijiji ambako farasi walikuwa wakifugwa kwa ajili ya kodi ya mfalme. Na hapo mzee wa kijiji akawafundisha kitu: mnapompitisha farasi kwenye theluji, mfungeni vifuko miguuni. Bila vifuko, wanyama walikuwa wakizama hadi tumboni.

Nilisoma sehemu hiyo mara mbili. Mtu yuleyule! Kwenye kitabu kimoja anaushindilia mguu mtupu kwa mawe, kwenye kingine anauvalisha mfuko. Na wala hajipingi. Mawe ni kazi ya kila siku ya kuujenga mguu. Mfuko ni wa ardhi fulani, siku fulani, halafu unavuliwa. Tena elimu ya mfuko haikutoka kwa jenerali. Ilitoka kwa mzee wa kijiji ambaye jina lake halikuandikwa, aliyeijua theluji yake na farasi wake. Nilimfikiria mjomba wangu, ambaye sikumuuliza hata swali moja kabla ya kuagiza.

Aristotle naye, kwenye kazi yake kuhusu wanyama, anataja kwamba ngamia wa vitani walipoumia nyayo walivalishwa viatu vya ngozi. Mantiki ni ileile: kiatu kwa mguu unaouma, kwa wakati unaouma.

Warumi wakaja na chuma. Katika makumbusho mengi ya Ulaya, hasa yenye vitu vilivyochimbuliwa Uingereza, Ufaransa na Ujerumani, utakuta kipande cha ajabu: bamba la chuma lenye umbo la yai, mabawa mawili yamekunjwa kupanda juu ubavuni, na kulabu au pete mbele na nyuma. Ni viatu vya kufunga, kwa sababu havina tundu la msumari. Kamba au kanda za ngozi zilipita kwenye zile pete zikafungwa kuzunguka mguu. Mimi nilipoona picha yake nikasema, haya si ndiyo makubadhi yetu ya pwani? Wayo chini, ukanda juu, kisigino wazi. Makubadhi ya chuma, ya nyumbu na farasi.

Yalivaliwa wakati gani hasa, na kwa ugonjwa au kwa barabara, wataalamu bado wanabishana. Lakini fasihi inatoa ushahidi wake, na ni ushahidi wa kuchekesha. Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaizari, anasimulia kwamba Vespasian (alitawala 69 hadi 79 BK) alikuwa safarini, na dereva wa nyumbu akashuka njiani eti kuwavalisha nyumbu viatu. Papo hapo akatokea mtu mwenye kesi, akapata nafasi ya kumkaribia kaizari. Vespasian akanusa harufu ya kitu kidogo. Akamuuliza dereva amelipwa kiasi gani kwa kuvalisha viatu, kisha akadai mgawo wake!

Watu husoma kisa hicho kucheka ubahili wa Vespasian. Mimi siku hizi nakisoma kwa ajili ya nyumbu. Angalia: hapajatajwa mhunzi, wala moto, wala nyundo. Dereva mwenyewe ameshuka, kainama, kavalisha, na kisingizio chake kiliaminika kwa sababu kusimama njiani kurekebisha viatu kulikuwa jambo la kawaida. Vililegea, vilizunguka, vilibaki topeni. Kuna na majigambo pia: Suetonius huyohuyo anasema nyumbu wa Nero walivaa viatu vya fedha, naye Pliny anasema wa mkewe, Poppaea, walivaa vya dhahabu. Hakuna anayetuambia kama viliwakaa vizuri.

Mbali na huko, Japani, watu walilitatua tatizo hilo kwa majani. Farasi wa mizigo walivalishwa ndara zilizosukwa kwa mabua ya mpunga, zikafungwa kwa kamba za mabua hayohayo juu ya ukwato. Katika picha moja ya Hiroshige ya mwaka 1857, kutoka kwenye mfululizo wake maarufu wa mandhari ya Edo, mtazamaji anawekwa nyuma kabisa ya farasi: tunaona makalio, mkia, na kwato zimevalishwa majani. Mwingereza Isabella Bird, aliyesafiri Japani mwaka 1878 na kuchapisha kitabu chake 1880, anaeleza jinsi ndara hizo zilivyochakaa haraka na kulazimu msafara kusimama zibadilishwe. Kwake ilikuwa kero. Lakini mimi nikawaza: kitu kinachochakaa haraka hakipati muda wa kuchubua. Na aliyekivalisha alilazimika kuinama na kuutazama mguu mara nyingi kwa siku. Ni dereva na mnyama wake tena, barabarani, uso kwa ukwato.

Sasa, kama kiatu cha kufunga kilijulikana hivyo, kwa nini ulimwengu ukachagua msumari? Jibu unaweza kulikisia ukiwa umepiga magoti kwenye tope la Ngong. Mfalme wa Bizantini Leo wa Sita, katika kitabu chake cha mbinu za vita cha mnamo mwaka 900, anaorodhesha miongoni mwa vifaa vya wapanda farasi vyuma vya umbo la hilali pamoja na misumari yake. Karne zilizofuata viatu hivyo vikaenea Ulaya nzima. Msumari hauhitaji kufungwa kila asubuhi. Ukipigiliwa vizuri unakaa wiki sita. Jeshi linaweza kwenda nao, mkulima anaweza kulima nao, na mhunzi anapata riziki yake. Sisemi kwamba ni uovu. Mjomba amewatunza farasi wa msumari maisha yake yote, na wengine, anasema, walizeeka na miguu mizuri kuliko yake.

Ila msumari una gharama, na mtu aliyeifanya kazi ya kuipima ni Bracy Clark, miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa chuo cha utabibu wa mifugo cha London kilichoanzishwa 1791. Mwaka 1809 alichapisha majaribio yake juu ya mguu wa farasi aliye hai. Alichotaka watu waone ni kwamba ukwato haukai kama jiwe. Farasi anapoukanyagia, nyuma unapanuka kidogo, akiuinua unarudi. Alifuatilia mguu wa farasi jike mmoja kwa miaka, akichukua nakala ya umbo lake, na kuonyesha jinsi ulivyobanwa ukasinyaa baada ya kuishi ndani ya pete ngumu ya chuma. Alibuni hata kiatu chenye kiungo, ili chuma kiufuate mguu badala ya mguu kukifuata chuma.

Karne ya 19 ilivalisha farasi mabuti kwa sababu nyingine kabisa. Baada ya Edwin Budding kubuni mashine ya kukata majani mwaka 1830, zikaja mashine kubwa zilizokokotwa na farasi, na matajiri wa Uingereza wakaona alama za kwato kwenye bustani zao. Wakashona mabuti ya ngozi. Kumbe hayo hayakuwa kwa ajili ya mguu. Yalikuwa kwa ajili ya majani!

Buti tulilo nalo leo lina ukoo wake Marekani. Mwaka 1970 Neel Glass alileta buti la plastiki lililoitwa Easyboot, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ya tairi ya akiba: farasi akipoteza kiatu cha chuma porini, mvalishe hili ufike nyumbani. Kisha ikaja miaka ambayo wengi walianza kuuliza kama chuma kinahitajika kwa kila farasi. Jaime Jackson, fundi wa kwato, aliwafuatilia farasi wa porini wa Great Basin kati ya 1982 na 1986, akaandika kitabu kilichotoka 1992 kuhusu kwato zao fupi, ngumu, zilizochongwa na mwendo wenyewe. Waliovutiwa wakavua viatu vya farasi wao, wakagundua tatizo ambalo Xenophon angewaambia bure: farasi wa porini amelelewa na mawe, wa kwako amelelewa na zizi. Mguu uliojengwa kwenye majani laini hauwezi kukabidhiwa kokoto ghafla. Hapo buti likaacha kuwa akiba tu. Likawa daraja la kuuvusha mguu peku hadi uweze kujitegemea.

Nilimpelekea Mjomba hadithi hizi zote, moja moja, akiwa anampiga brashi Shaba zizini. Alimpenda sana yule dereva wa Vespasian. Akacheka, akaniuliza, "Na hao wote, walipima vipi?"

Nikamwambia vitabu havisemi. Basi akaniuliza mimi nilipima vipi. Nikamweleza: ile alama ya ukwato, rula, saizi moja juu.

"Wewe ulipima tope, mpwa wangu," akasema. "Mguu uko hapa."

Akaniagiza kipande cha boksi la katoni na penseli. Lakini kwanza akachukua tupa akauchonga ukwato, maana ukipima ukwato mrefu utanunua buti la ukwato ambao kesho haupo. Akausafisha wayo. Akauweka mguu juu ya katoni, Shaba akasimama sawasawa, uzito kwenye miguu yote, nami nikachora ukingo, penseli ikiwa wima. Kisha akauinua akanionyesha pa kupima. Upana ni pale ukwato ulipo mpana kuliko pote. Urefu ni kutoka ncha ya mbele hadi pale ukuta wa kisigino unapoishia kwenye ardhi. Mimi nilikuwa nimepima hadi kwenye ule mnofu laini ulio nyuma zaidi, ambao hauingii kwenye hesabu. Kwenye tope alama nayo inapanuka. Na juu ya makosa hayo mawili nikaongeza saizi moja! Ndiyo maana buti lilizunguka, na lilipozunguka ukingo wake ukawa kisu.

Tulipima milimita, siyo sentimita, kwa sababu saizi moja na nyingine hutofautiana kidogo sana. Tulipima miguu yote minne. Ya mbele ya Shaba ni ya mviringo, ya nyuma imechongoka, kama ilivyo kwa farasi wengi. Wa mbele kushoto ni mpana kidogo kuliko wa kulia, jambo ambalo Mjomba alilijua tangu zamani. Upana ukaangukia saizi moja kwenye jedwali na urefu ukaangukia nyingine. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mabuti yana maumbo: mengine ya mguu wa duara, mengine ya mguu mrefu. Kulazimisha umbo moja kwa kukaza kanda ni kurudi kwenye pete ya chuma ya Bracy Clark.

Mapya yalipofika Agosti hatukutoka nje. Tulimvalisha palepale uani. Mjomba akalishika buti kwa mikono miwili, akajaribu kulizungusha kama anayefungua mfuniko wa sufuria kubwa. Halikuzunguka. Akampeleka mbele, akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto, mimi nikichuchumaa nyuma kutazama kama kisigino kinainuka ndani. Baada ya robo saa tukavua. Akanifundisha kupapasa: kama kuna joto, kama nywele za kisigino zimevurugika au kukatika. Nywele hutangulia kusema kabla ya ngozi. Siku ya pili tukaenda hadi barabarani na kurudi. Siku ya tano, kilomita moja. Kila tukirudi tulivua, tukakung'uta mchanga, tukaacha mguu upate hewa, maana mguu unaoshinda na kulala ndani ya buti huoza. Na akichechemea bila sababu ya kuonekana, hakuna kubadilisha buti hapo, ni kumwita daktari wa mifugo.

Jumapili ya kwanza ya Septemba Shaba alitembea zile kilomita za changarawe, kichwa juu. Watoto walipanda hadi jioni. Ya karo sitayaeleza, ila mkewe Mjomba alinitengea chapati mbili zaidi.

Sasa utaniuliza, kama tulipima vizuri hivyo, kwa nini nilikuwa topeni Novemba? Kwa sababu Ijumaa yake Mjomba alimchonga tena, kama anavyofanya kila baada ya wiki tano au sita, na ukwato ukawa mdogo kidogo. Alinikumbusha nikague kabla ya kutoka, tukaze kanda au tuongeze kipande cha kujazia. Nikasema tumeshapima. Miezi mitatu tu ya buti kukaa vizuri, nami tayari nilishaanza kuamini kipimo kuliko mguu! Tope likafanya kazi yake.

Ile katoni ya Agosti ipo bado, imetundikwa kwenye mlango wa zizi. Baadaye Mjomba akaongeza nyingine, na nyingine, kila moja na tarehe kwa mwandiko wake mkubwa wa penseli. Nimeziweka juu ya nyingine na kuzitazama dhidi ya mwanga. Michoro haifanani. Tangu aache chuma, nyuma ya ukwato wa kushoto pamepanuka milimita chache, taratibu, na matundu ya misumari yameshuka karibu kufika chini. Bado mistari miwili tu ya matundu imebaki. Wiki ijayo ni siku ya kuchonga, nami ndiye nitakayeshika katoni.